Wingi Si Hoja: Bihar, Kerala na Jiografia ya Watu wa India



Sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu watu bilioni 1.21 na kutoa wastani wa watu 382 kwa kila kilomita ya mraba. Sensa iliyopaswa kufuata, ile ya 2021, iliahirishwa wakati wa janga la Uviko-19, ikasogezwa tena na tena, hadi mwezi Juni 2025 serikali ilipotangaza rasmi kwamba watu watahesabiwa kwa tarehe ya marejeo ya 1 Machi 2027. Katikati ya pengo hilo, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, India iliipita China mnamo Aprili 2023 ikawa nchi yenye watu wengi kuliko zote duniani. Picha inayosindikiza habari za namna hiyo sote tunaijua: stesheni ya gari moshi, vichwa vya watu ukingo hadi ukingo, hata pa kudondosha sindano hapana. Picha hiyo hubeba hoja bila kuitamka. Inasema kwamba watu hawa wamezidi, na kwamba shida zao zimetokana na kuzidi kwao. Leo nataka kuibishia, na nitatumia takwimu zilezile zinazotumiwa kuitetea.

Msimamo wangu ni huu. Msongamano wa watu nchini India unatueleza vizuri maji yako wapi na udongo mzuri uko wapi. Unatueleza machache sana kuhusu nani atasoma, nani atafiwa na mtoto mchanga na nani atalala njaa. Mambo hayo yameamuliwa na sheria za ardhi, na shule, na jinsi madaraka yalivyogawanywa. Msongamano unapoingia katika kesi, huingia kwa kukuza matokeo ya maamuzi hayo, yawe mema au mabaya. Kuhesabu vichwa na kuishia hapo ni sawa na kuhesabu waliomo nyumbani bila kuuliza nani ameshika ufunguo wa ghala.

Tuanze na wastani wenyewe, maana ndio unaopotosha kwanza. Ile 382 haipatikani karibu popote. Katika jimbo la Arunachal Pradesh, kwenye milima ya mpaka wa kaskazini mashariki, sensa hiyohiyo ilikuta watu 17 kwa kilomita ya mraba. Rajasthan, yenye jangwa la Thar, watu 200. Bihar, kwenye tambarare ya mto Ganga, watu 1,106. Ili msomaji wa kwetu apate kipimo, Bihar ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 94,000, yaani takriban sehemu moja ya kumi ya Tanzania. Ndani ya sehemu hiyo moja walihesabiwa watu milioni 104, ilhali sensa ya Tanzania ya 2022 ilipata watu milioni 61.7 katika nchi nzima. Ukiunganisha Uttar Pradesh, Bihar na Bengal Magharibi, majimbo matatu yanayopakana, unapata karibu theluthi moja ya watu wote wa India katika takriban asilimia 13 ya ardhi yake. Majimbo hayo ni kiini cha mkanda uliojaa watu, unaoanzia Punjab upande wa magharibi na kufuata Ganga hadi Ghuba ya Bengal. Nje yake, mahali pengine palipojaa watu ni delta za mito ya pwani ya mashariki, yaani Godavari, Krishna na Kaveri, pamoja na ule ukanda mwembamba wa pwani ya Malabar upande wa kusini magharibi.

Kwa nini huko? Jibu halina siri. Mito inayoshuka kutoka Himalaya imemwaga tope kwa maelfu ya miaka hadi ikajenga tambarare yenye udongo wa kina kirefu, usio na mawe, na wenye maji ya ardhini yasiyo mbali na uso. Mvua za kusi hunyesha kuanzia Juni hadi Septemba na kulea mpunga. Zikikatika, baridi huruhusu ngano ipandwe katika shamba lilelile. Mpunga una tabia mbili zinazoshikana: unatoa chakula kingi kwa hekta, na unataka mikono mingi wakati wa kupandikiza, kupalilia na kuvuna. Hivyo ulilisha watu wengi na kuwapa watu wengi kazi. Tukumbuke pia kwamba karibu nusu ya ardhi ya India inalimika, jambo adimu kwa nchi kubwa. China ni kubwa mara tatu ya India, lakini ardhi yake inayolimika haifiki ya India. Kwa hiyo anayeshangaa kwamba watu wamejazana kando ya Ganga anashangaa kwamba watu walikifuata chakula. Kabla ya kuwa mzigo, msongamano ule ulikuwa ushahidi wa utajiri, na ulikuwepo karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuuita tatizo.

Walioanza kuuita tatizo wana historia yao, na inafaa tuifahamu. Thomas Malthus, aliyechapisha insha yake juu ya idadi ya watu mwaka 1798, hakuwa msomi wa pembeni katika mambo ya India. Kuanzia 1805 hadi kifo chake mwaka 1834 alifundisha katika chuo cha Kampuni ya Mashariki ya India kilichokuwa Haileybury, Uingereza, ambako vijana waliandaliwa kwenda kuitawala India. Njaa kuu ya 1876 hadi 1878 ilipoua mamilioni, Gavana Mkuu Lord Lytton alieleza mbele ya baraza lake kwamba watu wa India wana mwelekeo wa kuongezeka upesi kuliko chakula wanachokitoa ardhini. Nafaka iliendelea kusafirishwa nje katika miaka hiyohiyo. Sasa tazameni takwimu za miongo iliyofuata. Ndani ya mipaka ya India ya leo, watu walikuwa milioni 238 mwaka 1901 na milioni 251 mwaka 1921. Katika muongo wa pili kati ya hiyo idadi ilipungua, kwa kuwa homa ya mafua ya 1918 iliua watu zaidi ya milioni 12. Nchi iliyokuwa haiongezeki ndiyo iliyokuwa inakufa kwa njaa. Leo, katika ardhi ileile, wapo watu zaidi ya bilioni 1.4, na njaa ya kuua mamilioni haijarudi tangu nchi ipate uhuru mwaka 1947. Utapiamlo upo, tena mwingi kuliko unavyopaswa kuwa, na sitaki kuupunguzia uzito. Lakini kama wingi wa watu ndio ungekuwa chanzo cha njaa, mstari huo ungekwenda upande mwingine.

Njaa ya Bengal ya 1943 ni kesi iliyochunguzwa vizuri zaidi. Watu wapatao milioni tatu walikufa. Amartya Sen, katika kitabu chake cha 1981 kuhusu umaskini na njaa, alionyesha kwamba chakula kilichokuwepo Bengal mwaka huo hakikuwa kidogo kuliko cha 1941, mwaka usio na njaa. Kilichotokea ni kwamba bei ziliruka kwa sababu ya matumizi ya vita na hofu ya wafanyabiashara, na vibarua wa mashamba, wavuvi na mafundi wadogo wakashindwa kununua. Jimbo lilikuwa limejaa watu mwaka 1941, na mwaka 1943 lilikuwa vilevile.

Hata hivyo wazo la Lytton halikuondoka na Waingereza. Mwaka 1968 Paul Ehrlich, mwanabiolojia wa Marekani, alichapisha kitabu cha kutisha kuhusu idadi ya watu duniani, akakifungua kwa safari ya teksi katika mitaa ya Delhi iliyojaa watu. Serikali ya India yenyewe ilikuwa imetangulia: mwaka 1952 ilikuwa ya kwanza duniani kuanzisha mpango wa taifa wa uzazi wa mpango, jambo la busara ambalo baadaye liligeuzwa kuwa rungu. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya waziri mkuu Indira Gandhi mwezi Juni 1975, viwango vya kufunga watu uzazi viligawiwa kwa maofisa kama kodi ya kukusanya. Katika mwaka wa fedha wa 1976 hadi 1977 zaidi ya watu milioni nane walifungwa uzazi, wengi wao wanaume maskini, wengine kwa kulazimishwa. Uchaguzi wa Machi 1977 ukamwangusha Indira Gandhi, na majimbo ya kaskazini yaliyoumizwa zaidi ndiyo yaliyokiadhibu chama chake vikali zaidi. Kampeni hiyo iliwafanya wanaume wa kaskazini wauogope mpango wote wa uzazi kwa miaka mingi. Anayeamini kwamba watu wenyewe ndio ugonjwa hatachelewa kufikia mahali hapo.

Sasa nifike kwenye kiini cha mhadhara huu. Kama msongamano ndio unaoamua hali ya watu, basi majimbo yenye msongamano wa karibu yanapaswa kufanana. India imetupa jaribio zuri: Bihar, yenye watu 1,106 kwa kilomita ya mraba, na Kerala, jimbo la ule ukanda wa pwani ya Malabar, yenye watu 860. Yote mawili yamezidi wastani wa nchi zaidi ya mara mbili. Katika sensa hiyohiyo, wanawake waliojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 92 Kerala na asilimia 51 na ushei Bihar. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2019 hadi 2021 ulipata kiwango cha uzazi cha watoto 1.8 kwa mwanamke Kerala na 3.0 Bihar. Kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, takwimu za usajili za 2020 zinaonyesha kwamba hawafikishi mwaka mmoja watoto 6 Kerala na 27 Bihar. Mtu atasema: lakini Bihar imesongamana zaidi, pengine tofauti hiyo ndogo inatosha. Haitoshi. Katika takwimu hizo za 2020, jimbo lililopoteza watoto wengi kuliko yote lilikuwa Madhya Pradesh, watoto 43 kwa 1,000, na Madhya Pradesh ina watu 236 tu kwa kilomita ya mraba. Mtoto wa Bihar, katikati ya ule umati wote, alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuishi kuliko mtoto wa Madhya Pradesh penye nafasi tele.

Wengine watasema kinachohesabika ni ardhi anayopata kila mkulima, wala si watu kwa kilomita. Sawa, tupime hiyo. Sensa ya kilimo ya 2015 hadi 2016 ilipata kwamba shamba la wastani Bihar lina hekta 0.39. La Kerala lina hekta 0.18, dogo kuliko la jimbo jingine lolote. Kwa kipimo hicho Kerala ndiyo iliyobanwa zaidi.

Basi tofauti imetoka wapi? Imetoka kwanza katika historia ya umiliki. Mwaka 1793 Gavana Mkuu Lord Cornwallis aliwapa wamiliki wakubwa wa Bengal na Bihar, zamindari, haki ya kudumu ya kukusanya kodi ya ardhi, wao wakabaki na kile kilichozidi kiasi walichotakiwa kuilipa Kampuni ya Mashariki ya India. Kilichofuata ni ngazi ndefu ya watu wanaoishi kwa jasho la mkulima: zamindari, mpangaji wake, mpangaji wa mpangaji, na chini kabisa mlimaji asiyekuwa na sababu ya kuchimba kisima katika shamba ambalo angeweza kuondolewa. Wachumi Abhijit Banerjee na Lakshmi Iyer walilinganisha wilaya zilizotawaliwa kwa mfumo wa zamindari na zile ambazo mkulima alilipa kodi moja kwa moja serikalini. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2005 walikuta kwamba miongo mingi baada ya mfumo huo kufutwa, wilaya za zamindari bado zilikuwa nyuma katika mavuno, mbolea na shule. Bihar ilifuta zamindari kwa sheria ya 1950, lakini sheria za kumlinda mpangaji na kuweka kikomo cha ukubwa wa shamba zilibaki kwenye makaratasi, kwa kuwa waliopaswa kuzitekeleza walikuwa ndugu za wenye mashamba. Juu ya hayo, kuanzia 1952 serikali kuu ilifidia gharama za kusafirisha makaa ya mawe na chuma ili bei zake zilingane nchi nzima. Bihar, ambayo wakati huo ilijumuisha migodi ya jimbo la leo la Jharkhand, ikanyang'anywa faida pekee ambayo jiolojia ilikuwa imeipa: kiwanda cha Bombay, Mumbai ya leo, kilipata chuma kwa bei ileile ya kiwanda kilicho jirani na mgodi. Sera hiyo iliishi hadi 1993. Nadhani ni mojawapo ya makosa makubwa ya upangaji uchumi katika karne iliyopita, na haitajwi inavyostahili.

Kerala nayo haikuzaliwa na huruma. Ubaguzi wa matabaka katika pwani ya Malabar ulikuwa mkali kuliko sehemu nyingi za India. Watu wa matabaka ya chini walilazimika hata kukaa umbali uliopimwa kwa hatua kutoka kwa waliojiita safi. Kilichoibadilisha ni mapambano. Sree Narayana Guru alianza mwaka 1888 kujenga mahekalu na baadaye shule kwa ajili ya watu waliofungiwa milango, na Ayyankali, kiongozi wa vibarua wa mashamba, alipigania watoto wao waingie darasani. Ufalme wa Travancore ulikuwa umeshatoa waraka wa kugharimia elimu mwaka 1817, na shule za misheni zilisukuma mashindano. Mwaka 1957 wapigakura wakachagua serikali ya kikomunisti ya E.M.S. Namboodiripad, na baada ya mvutano mrefu, tarehe 1 Januari 1970, upangaji wa mashamba ulifutwa: mlimaji akawa mwenye shamba, na kibarua aliyejenga kibanda katika ardhi ya tajiri akapata haki ya kiwanja chake. Hapo msongamano uligeuka kuwa msaada. Watu wakiishi karibu karibu, zahanati moja huhudumia wengi, mama mjamzito hufika kwa miguu, na wazazi wakikuta mlango wa zahanati umefungwa hukusanyika siku hiyohiyo kudai maelezo.

Bihar inaonyesha kinyume chake, na hapa nitakaa kidogo, maana ni jambo ambalo ramani za kawaida hulificha. Kwa kanuni za sensa ya India, kijiji huhesabiwa kuwa mji kikiwa na watu wasiopungua 5,000, msongamano wa watu wasiopungua 400 kwa kilomita ya mraba, na angalau asilimia 75 ya wanaume wanaofanya kazi wakiwa nje ya kilimo. Jimbo zima la Bihar linavuka lile sharti la msongamano zaidi ya mara mbili na nusu. Hata hivyo mwaka 2011 ni asilimia 11 tu ya watu wake waliohesabiwa kuwa wanaishi mijini. Kerala ilifikia karibu asilimia 48, kutoka asilimia 26 mwaka 2001. Kinachoikwamisha Bihar ni sharti la tatu. Bihar ina watu wa kutosha kuwa mji mmoja mkubwa usio na mwisho, ila haina kazi za mjini. Ina umati bila soko, bila bomba la maji taka, bila karakana. Kerala, kinyume chake, nyumba zake zimetawanyika kati ya minazi, na msafiri hajui kijiji kimeishia wapi na mji umeanzia wapi, lakini mtu wa pale anapata mjini karibu kila anachokihitaji bila kuhama nyumbani.

Pingamizi kubwa dhidi ya mfano wa Kerala linahusu Ghuba ya Uajemi. Wanaolitoa wanasema Kerala haikutatua msongamano wake, iliusafirisha: zaidi ya watu milioni mbili wa jimbo hilo wanaishi nje ya India, wengi wao katika Falme za Kiarabu, Saudia, Oman na majirani zao, na fedha wanazotuma ndizo zinazojenga zile nyumba za ghorofa kati ya minazi. Fedha hizo ni nyingi kweli, na bila hizo Kerala ingekuwa maskini zaidi. Lakini mfuatano wa miaka hauungi mkono pingamizi hilo. Ajira za Ghuba zilifunguka baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973. Sensa ya 1951 ilikuwa imeshakuta kwamba asilimia 47 ya watu wa Kerala wanajua kusoma, wakati India nzima ilikuwa asilimia 18. Shule ilitangulia, ndege ikafuata. Isitoshe, Bihar nayo inasafirisha watu, tena kwa mamilioni, kwenda mashamba ya Punjab na majengo ya Delhi na Mumbai. Karne ya kumi na tisa vijiji vya Bihar na mashariki ya Uttar Pradesh vilitoa vibarua wa mkataba waliopelekwa Mauritius, Trinidad, Fiji na Natal. Kinachotofautisha uhamaji huo ni kile mhamaji anachoondoka nacho kichwani na mkononi. Na leo mambo yamefika mahali pa ajabu: Kerala, pamoja na msongamano wake wa watu 860, ina upungufu wa vibarua, na watu kutoka Bengal, Assam na Bihar ndio hao wanaokwenda huko kumwaga zege.

Wasomaji wa pwani yetu wana sababu yao ya kuutilia shaka uhusiano wa moja kwa moja kati ya msongamano na uhamaji. Wahindi waliofika Zanzibar na Mombasa kwa jahazi za kaskazi, wakiwamo wale wa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji iliyokodi ushuru wa forodha wa Zanzibar enzi za Sayyid Said, walitoka zaidi Kutch na maeneo ya jirani. Kutch ni nchi kavu ya chumvi na vichaka, ambayo hata mwaka 2011 ilikuwa na watu 46 tu kwa kilomita ya mraba. Vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kujenga Reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901 walitoka kwa wingi Punjab. Wala Kutch wala Punjab haikuwa kitovu cha umati wa India. Waliokuja ni wale waliokuwa na bandari, mtaji, ndugu waliotangulia, au wakala wa kuajiri mlangoni.

Lipo pingamizi la mazingira, nalo ni zito zaidi. India inavuta maji ya ardhini kuliko nchi yoyote duniani, na mtu anaweza kusema kwamba hapo hesabu ya vichwa haikwepeki. Lakini tazameni mahali visima vinapokauka. Punjab, yenye watu wapatao 550 kwa kilomita ya mraba, huvuta zaidi ya mara moja na nusu ya maji yanayorudi ardhini kila mwaka. Bihar, yenye msongamano mara mbili ya huo, huvuta chini ya nusu. Punjab ni jimbo la mapinduzi ya kijani ya miaka ya 1960. Serikali ilihakikisha inanunua mpunga na ngano kwa bei maalumu, kisha umeme wa pampu ukawa bure, na mpunga ukapandwa mahali ambapo mvua haitoshi mpunga. Maji yamekwisha kwa sababu ya bei na umeme wa bure.

Nakubali kwamba kuna mahali wingi wa watu una uzito wake wenyewe. Tarehe 18 Agosti 2008 tuta la mto Kosi lilipasuka upande wa Nepal, mto ukahama kitanda, na watu wapatao milioni tatu wa Bihar wakaathirika. Mwisho wa Julai 2024 maporomoko ya ardhi Wayanad, Kerala, yaliua watu zaidi ya 200. Kosi ikihama mahali pasipo na watu, huo ni mto tu umehama. Palipojaa watu kosa la mhandisi au la mpimaji viwanja hulipiwa mara nyingi zaidi, kwa hiyo mahali hapo panahitaji uangalizi mkubwa kuliko kwingine. Lakini lile tuta lilikuwa limeachwa lizeeke huku tope likiinua sakafu ya mto mwaka hadi mwaka, na miteremko ya milima ya Ghats Magharibi ilikuwa na ripoti ya kitaalamu ya 2011 iliyotaka ilindwe. Wenye mamlaka walijulishwa mapema.

Bihar nayo haijasimama. Mwaka 2006 serikali ya jimbo ilianza kuwapa wasichana wanaoingia sekondari fedha za kununua baiskeli. Wachumi Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walipopima matokeo, walikuta uandikishaji wa wasichana wa umri huo umepanda kwa asilimia 32, na zaidi katika vijiji vilivyo mbali na shule. Kiwango cha uzazi kimeshuka kutoka watoto 4.0 katika utafiti wa 2005 hadi 2006, bila rungu la mwaka 1976.

Yaliyobaki ni siasa, na ndipo hoja yangu inapokuwa na gharama. Viti vya Lok Sabha, bunge la chini la India, vimegawiwa majimbo kwa kufuata sensa ya 1971. Mgao huo uligandishwa na marekebisho ya 42 ya Katiba mwaka 1976, wakati uleule wa Hali ya Hatari, ili majimbo yanayopunguza uzazi yasipoteze viti. Mwanzoni mwa karne hii marufuku yakaongezewa muda hadi sensa ya kwanza itakayofanywa baada ya 2026. Kwa watu wa 2011, mbunge mmoja wa Bihar anawakilisha takriban watu milioni 2.6, na wa Kerala milioni 1.67. Kusini wanasema, kwa uchungu unaoeleweka, kwamba walitii wito wa taifa na sasa wataadhibiwa kwa utii wao. Ukumbi mpya wa Lok Sabha uliofunguliwa Mei 2023 una nafasi 888 badala ya 543 za sasa, kwa hiyo inawezekana hakuna jimbo litakalopungukiwa idadi ya viti. Kitakachopungua ni sehemu ya kila jimbo la kusini katika jumla. Nawaelewa, lakini siwaungi mkono. Kama kujaa watu si kosa, Mbihari hawezi kupunguziwa kura kwa kosa hilo, na kijiji kisichosikika bungeni ndicho ambacho shule yake hujengwa mwisho. Kinachodaiwa na kusini kinaweza kulipwa kwa njia nyingine. Tume ya Fedha ya 15, kwa miaka ya 2021 hadi 2026, ilitenga asilimia 12.5 ya vigezo vya mgao wa kodi kwa majimbo yaliyoshusha uzazi, na kigezo hicho kinaweza kuongezewa uzito. Rajya Sabha, bunge la juu, ambako Uttar Pradesh ina viti 31 na Kerala 9, linaweza kusogezwa kuelekea usawa wa majimbo, kama Seneti ya Kenya inavyoipa kila kaunti seneta mmoja wa kuchaguliwa bila kujali ukubwa wake. Huko ndiko Kerala na Tamil Nadu zinakopaswa kudai fidia yao, na si katika kuendelea kuipa kura ya Mbihari uzito wa theluthi mbili ya kura ya mtu wa Kerala.